Tulienda Mpala kutafuta ndagala

Wengi mmetusimamisha sokoni na mbele ya kanisa kutuuliza habari za safari yetu ya Mpala, na kila mmoja tulimjibu kipande kidogo kwa sababu ya haraka. Leo tunaandika habari yote pamoja, ili aliyesikia ya mawimbi asikie na ya deni.

Tulikuwa wamama tisa: watano wauza samaki, wawili walimaji, mshonaji mmoja, na mwalimu ambaye ndiye anashika kalamu hii. Mnajua kwa nini tulitumwa. Katika mkutano wa Februari watu waligawanyika. Wamoja walisema tutoe nusu ya pesa ya sanduku, tununue ndagala Mpala kwenyewe, kuliko kungojea hapa Kalemie ambako kila basini imekwisha kupita mikono mitatu. Wengine walisimama wakasema pesa ya kalamu na unifomu za watoto haitupwi majini. Mama mmoja kati ya hao alizikwa kaka yake bila mwili, ziwa halikumrudisha. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anaogopa bure. Basi ikaamuliwa tuende kwanza kuona kwa macho, bila pesa ya chama hata franka moja.

Tuliondoka juma la Pasaka, shule zikiwa zimefungwa. Wauza samaki wanajua kwamba Pasaka inakuja sikuzote karibu na mwezi mpevu, na siku za mwezi ndagala hawavuliwi. Wavuvi wetu wanaita samaki kwa taa, na mwezi ukiwaka taa inakuwa kama mshumaa mchana. Kwa hiyo wengine walituuliza, mnaendea nini wakati hakuna kitu? Yaya yetu mmoja, aliyeanza kuuza samaki kabla sisi wengine hatujazaliwa, alijibu vizuri: siku za wingi kila bandari inacheka. Nendeni siku za ukame, ndipo mtajua mtafanya kazi na nani.

Kabla ya kupanda boti kulikuwa na maneno. Tulidai jile za kuokolea. Matelo mmoja alicheka, akasema jile ni za wazungu na za askari, sisi wengine tunamwomba Mungu. Tulimwambia Mungu ndiye aliyetupa akili ya kuzinunua, tukatoa zetu tisa katika mfuko, tukavaa mbele ya watu wote. Palikuwa na wamama wengine wenye watoto mgongoni, bila kitu. Tunaandika wazi: mtoto aliyefungwa kwa kikwembe mgongoni mwa mama asiyejua kuogelea, juu ya mizigo ya saruji na bia, katika boti ya mbao usiku, hayo si mapenzi ya Mungu. Tulikataa pia kupanda kabla majina yetu hayajaandikwa kwenye orodha ya abiria. Boti ikizama na jina lako halimo, hata kutafutwa hutatafutwa.

Ziwa letu tunaliona kila asubuhi tukichota maji, tunalizoea kama ua wa nyumba. Lakini ni refu karibu kilometa 670, na mahali penye kina kirefu ni mita 1470. Duniani kote liko moja tu la maji matamu linalolipita kwa kina, ni Baikal la Urusi. Nchi nne zinalinywa: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Na mto mmoja tu unatoka humo, Lukuga, huu huu tunaovuka hapa Kalemie kwenda sokoni. Tuliwaeleza hayo wamama wawili walimaji wakati mota inanguruma, na mmoja akasema afadhali angeelezwa kina baada ya kufika.

Mwezi ulitoka nyuma ya milima ya Tanzania, mwekundu kwanza, kisha mweupe. Usiku wa giza ziwa linakuwa kama mji mwingine, taa za wavuvi zimetandazwa mpaka mbali. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja. Maji tu, na mwanga, na mota.

Karibu na rasi ya Tembwe upepo ulishuka kutoka milimani. Haukuwa mkali sana, wenyeji wanasema tuliona mtoto wake tu, lakini boti iliinuka na kuanguka, maji yakaingia, na matelo yule aliyecheka akaja kutuuliza polepole kama tuna jile moja zaidi. Hatukuwa nayo. Tulimpa mtungi wa plastiki uliofungwa kifuniko, akaukumbatia mpaka upepo ulipotulia.

Tulifika asubuhi. Kutoka Kalemie ni kama kilometa 100 kufuata ufuko upande wa kusini. Msitafute bandari kama ile yetu yenye reli na krini. Mpala ni mchanga, mitumbwi, na mdomo wa mto Lufuko unaoingia ziwani. Boti ilisimama mbali kidogo, vijana wakaingia majini mpaka kifuani, wakatubeba mmoja mmoja. Nyuma ya kijiji nchi inapanda kuelekea milima ya Marungu. Ni mahali pazuri. Hatuna neno lingine, na walioishi hapo hawana nafasi ya kulisema neno hilo mara nyingi.

Mahali padogo namna hii pamebeba historia kubwa kuliko umbo lake. Mwaka 1883 alifika hapa Mbelgiji mmoja, kapteni Émile Storms, akajenga kituo chake kwa ruhusa ya chifu Mpala, ambaye alifanya naye undugu wa damu. Ni jina la chifu huyo lililobaki juu ya mahali. Mwaka uliofuata Storms aligombana na chifu mwingine wa Watabwa, Lusinga, mtu mwenye bunduki aliyekuwa akikamata watu na kuwauza. Watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa, na kichwa hicho kilisafirishwa mpaka Ubelgiji. Fuvu lake liko Brussels. Sanamu ya Storms iliyokuwa katika mji huo iliondolewa mwaka 2022. Katika darasa la sita tunafundisha watoto majina ya mito na ya magavana. Habari hii haimo katika daftari zao, na imetokea kwa jirani. Tulipomwuliza kambo mmoja pale ufukoni, hakumlilia Lusinga. Alisema babu zake walimkimbia. Ila aliongeza kwamba hata mtu mbaya ana ndugu, na ndugu wanazika mtu mzima, si nusu.

Mwaka 1885 kituo kilipewa mapadri, Mapadri Weupe, na Mpala ikawa kati ya misioni za zamani kabisa mashariki mwa Kongo. Baada yao akaja askari Mfaransa, Joubert, mwaka 1887, kuzuia wauza watumwa. Huyo hakurudi kwao. Alioa binti wa hapa, Agnes Atakao, akazaa naye, akafia katika nchi hii mwaka 1927. Vitabu vinaandika kurasa nyingi juu ya Joubert na mstari mmoja juu ya Agnes. Sisi tungependa kujua alipika nini siku vita vilipokaribia, na watoto aliwaficha wapi. Na ni katika nchi hii hii ya Marungu alikotoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu, aliyepewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, ambayo leo tunaiita Moba.

Sasa turudi kwa ndagala, maana ndiyo yaliyotupeleka.

Wamama wa Mpala walitupokea kwa bukari ya mihogo na sombe. Samaki hapakuwa, isipokuwa mikebuka wawili wakavu ambao walitupa sisi wageni, na watoto wao wakatazama. Tuliwagawia. Baada ya kula tulikaa nao kwenye kivuli, na yaya yetu akauliza moja kwa moja, bila kuzunguka: nani ni mwenye ndagala hapa?

Walitazamana, kisha wakaeleza. Siku za mwezi, kama wiki mbili, hakuna mavuno. Nyumba inataka chumvi, sabuni, dawa ya mtoto. Mwenye mtumbwi au mfanya biashara anatoa mkopo, na mkopo unalipwa kwa ndagala giza likirudi. Lakini bei ya ndagala inapangwa siku ya kukopa, si siku ya kulipa. Hivyo mama anakausha samaki siku tatu juani, anawageuza, anafukuza kunguru na mbuzi, mvua ikija anakimbia kuwakusanya, na mwishowe anatoa basini nzima kwa bei ambayo ni nusu ya ile tunayolipa sisi Kalemie. Nusu, tulipiga hesabu pamoja nao juu ya mchanga. Sisi tunalia kwamba tunanunua ghali, wao wanalia kwamba wanauza bure, na katikati kuna mtu halii.

Mmoja wao, mama mwenye watoto sita, alituambia neno ambalo lilikata maneno yetu mengine. Alisema: «Madamu, mkileta pesa yenu siku za wingi, mtakuwa wanunuzi wengine tu. Mkiileta sasa, siku za mwezi, mtakuwa mmetufungua.» Yaani pesa ya kununua ndagala haina faida kubwa ikifika wakati ndagala wamejaa, kwa sababu wote wamekwisha kuwa na mwenyewe. Inapaswa kufika kabla.

Hapo ndipo tuliona ugumu wa jambo. Kutoa pesa kabla ni kukopesha, na kukopesha watu walio mbali, ng'ambo ya maji kama yale, kunahitaji kuaminiana. Tuliwauliza kama wana kikundi. Wana likelemba ya wamama kumi na wawili, wanaweka kidogo kila Jumamosi, na daftari yao tuliiona: safi, imeandikwa na binti aliyefika sekondari mwaka wa pili. Mwalimu alitazama hesabu mstari kwa mstari. Zilikuwa sawa.

Waliuliza pia kama ni kweli kwamba ziwa litakuwa likifungwa. Tuliwaambia tunalojua: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazae na wakue. Kila mtu pale anakubali kwamba ndagala wamepungua, na nyavu za macho madogo zinakokota hata watoto wao. Lakini miezi mitatu kwa nyumba inayokopa katika wiki mbili tu za mwezi ni mlima. Anayetaka kufunga ziwa afike kwanza kuhesabu sufuria.

Siku ya kurudi tulikuwa tumekwisha kukaa katika boti waliponleta, kwa kitanda cha miti, msichana mwenye mimba ya kwanza. Maumivu yalikuwa yamemshika tangu juzi na mtoto hashuki. Mkunga wa kituo cha afya alifanya aliyoweza, akasema ni upasuaji. Hakuna njia nyingine ya haraka isipokuwa maji. Mwenye boti alitaka kwanza pesa ya nafasi tatu, kwa sababu mtu aliyelala anachukua nafasi ya watu watatu. Hatukugombana naye, usiku ulikuwa unakuja. Kila mmoja wetu alifungua kifundo cha kikwembe chake. Tulimlaza juu ya magunia ya mihogo, tukamvika jile ya mshonaji wetu, na mshonaji akafunga safari nzima bila jile, akishika kamba. Mama mkwe wa msichana hakusema neno mpaka tulipoona taa za Kalemie. Halafu alianza kutaja majina ya wale ambao hawakufika.

Pikipiki mbili zilitupokea ufukoni, na hospitali ilimwingiza chumba cha upasuaji kabla ya kupambazuka. Mtoto ni wa kike. Mama ni mzima, bado anatembea akijishika ukuta. Wanaotaka kumpelekea uji, wodi ya uzazi, kitanda cha tatu upande wa dirisha.

Kuhusu pesa, sisi tisa hatukupatana, na tunawaambia hivyo hivyo. Saba tunataka chama kikopeshe likelemba ya Mpala fungu dogo, si nusu ya sanduku, katika siku za mwezi, walipe kwa ndagala waliokaushwa juu ya vichanja, si juu ya mchanga, kwa bei itakayopangwa siku ya kulipa. Wawili bado wanakataa, na mmoja wao ni yule mshonaji aliyeshika kamba. Anasema tununue kwanza jile kumi na mbili za wamama wa Mpala, ndagala baadaye.

Mkutano ni Jumapili ijayo baada ya misa na ibada, saa nane, chini ya mwembe wa shule. Daftari ya hesabu tulizoandika kule itasomwa kwa sauti, kwa wale wasiosoma. Giza la mwezi linaanza siku tisa baada ya hapo, na boti inaondoka jioni.