Jikoni kwa Jirani: Kuhama Dublin na Kuingia katika Kijiji cha Connemara

Mwezi wa Septemba 2021, mfasiri mmoja wa mjini Dublin, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alifunga vitabu vyake katika maboksi, akahama pamoja na mkewe na binti yao wa miaka saba. Waliiacha nyumba ya kupanga ambayo kodi yake ilikuwa ikimeza zaidi ya nusu ya pato lao, wakaenda kukaa katika kijiji kilichoko pwani ya Connemara, magharibi mwa mji wa Galway. Kijiji hicho hakina kitovu. Nyumba zimetawanyika moja moja kandokando ya barabara, bahari upande mmoja na vinamasi upande wa pili, na mashamba yake madogo yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Lipo kanisa, ipo shule yenye madarasa machache, lipo duka linalouza pia petroli, na ipo baa.

Kwa marafiki zake wa mjini mfasiri alitoa sababu zilizokuwa vinywani mwa watu wengi wakati huo. Kodi ilikuwa haibebeki, na maradhi ya korona yalikuwa yameonyesha tangu 2020 kwamba kazi ya mezani yaweza kufanyika popote penye intaneti. Serikali nayo, mwezi wa Machi 2021, ilikuwa imetangaza sera ya kuvihuisha vijiji, na Údarás na Gaeltachta, mamlaka ya maendeleo ya maeneo ya Kiayalandi, ilikuwa ikifungua ofisi za pamoja kwa ajili ya wafanyakazi wa namna yake. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, lakini iliyomhamisha ilikuwa nyingine. Kwa muda wa miaka ishirini alikuwa akitafsiri nyaraka za serikali kutoka Kiingereza kwenda Kiayalandi: taarifa za mwaka, kanuni za uvuvi, fomu za ruzuku. Sheria ya Lugha Rasmi ya 2003 ilidai nyaraka nyingi za aina hiyo ziwepo kwa lugha zote mbili, na tangu Januari 1, 2007 Kiayalandi kilikuwa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kazi haikukosekana. Wasomaji ndio waliokosekana. Alipokwisha kufasiri kurasa mia mbili juu ya usimamizi wa taka, alijua kwamba huenda yeye ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho kuzisoma kwa lugha hiyo. Alitaka kukaa mahali ambapo lugha aliyoitumikia inatumiwa na watu kugombania kondoo.

Mahali hapo pana jina katika sheria. Gaeltacht ni maeneo ambayo Tume ya 1925 ilipewa kazi ya kuyabainisha, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1926. Mipaka imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa sensa ya 2022 maeneo hayo yalikuwa na wakazi 106,220, na kiasi cha asilimia 66 yao walisema kwamba wanakijua Kiayalandi. Kujua, hata hivyo, si kusema. Wale walioeleza kwamba hukisema kila siku nje ya shule walikuwa kama 20,000 tu. Kijiji alichokichagua mfasiri kilikuwa miongoni mwa vile ambavyo idadi ya wasemaji wa kila siku ilikuwa bado kubwa. Alikuwa amezisoma takwimu kwanza, kama mtu anunuaye ng'ombe atazamavyo meno.

Salamu ya kwanza ndiyo iliyomfichua. Shuleni alifundishwa kuuliza hali kwa maneno *conas atá tú*, ambayo asili yake ni kusini, katika lahaja za Munster. Huko Connemara watu huuliza *cén chaoi a bhfuil tú*. Tofauti hiyo si ngumu kueleweka, na hakuna aliyemcheka. Lakini mwenye duka aliposikia salamu ile alimjibu kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu anayemwondolea mgeni mzigo begani. Hali hii si ngeni kwa yeyote aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu 1930, kisha akaenda kusalimu Lamu au Pate. Usanifu humpa mwanafunzi lugha yote isipokuwa mahali pa kutoka. Kwa Kiayalandi jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa usanifu rasmi uliotolewa mwaka 1958 haukuwa lahaja ya kijiji chochote.

Hata jina lake lilikuwa na upungufu. Katika vijiji hivi majina ya ukoo yaliyomo katika vitambulisho hayasaidii sana, maana watu wengi hushirikiana ukoo mmoja. Mtu hutajwa kwa jina lake, likafuatwa na la baba, pengine na la babu: Seán Phádraig Mháirtín ni Seán wa Pádraig wa Máirtín, sawa kabisa na Juma bin Ali bin Hamisi, isipokuwa kwamba kwa Kiayalandi kiungo hakionekani kama neno, kimo ndani ya badiliko la konsonanti ya mwanzo ya jina linalofuata. Mfasiri hakuwa na baba kijijini, wala babu. Aliitwa kwa nyumba. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya mzee aliyefia Uingereza, na hadi leo huitwa kwa jina la marehemu huyo. Wapangaji ni "watu wa nyumba ya fulani" tu. Hilo halikumuudhi. Aliliandika katika daftari lake.

Mkewe ndiye aliyepokewa kwanza. Mama huyu, mzaliwa wa Dublin, alikuwa amekiacha Kiayalandi siku ile ile alipomaliza mtihani wake wa mwisho shuleni, wala hakuwahi kukijutia. Lakini ana gari, ana mikono mepesi, na hajui kukaa kimya mbele ya mtu mwenye shida. Kabla ya Krismasi ya kwanza alikuwa amekwisha kumpeleka jirani yao, mjane wa miaka themanini na kitu, hospitalini Galway mara nne. Majira ya kiangazi yaliyofuata alikuwa kinamasini pamoja na majirani, akigeuza na kusimamisha vipande vya mboji vilivyokatwa ili vikauke na kuwa kuni za mwaka mzima. Kazi ya namna hii hufanywa kwa ushirika unaoitwa *meitheal*, ambao ni ujima hasa: leo kwako, kesho kwangu, na hesabu haiandikwi popote ila haisahauliki.

Jikoni kwa mjane huyo majirani hukutana kila Alhamisi jioni. Huwa ni watu saba au wanane, chai, mkate wa magadi, na moto. Kwa miezi ya mwanzo mfasiri na mkewe walikwenda pamoja, na mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza. Alidhani ndivyo yalivyo siku zote. Alianza hata kuzitilia shaka takwimu alizozisoma. Kisha Alhamisi moja ya Februari mkewe alishikwa na mafua, naye akaenda peke yake. Alipokuwa bado nje, mkono ukiwa juu ya kitasa, aliisikia lugha: ya haraka, yenye kukatizana, mtu akimsuta mwenzake juu ya mpaka wa shamba. Aliingia, na haikukoma. Kiayalandi chake kibovu cha Dublin kilitosha kuwaruhusu waendelee. Alikaa saa tatu, akaelewa labda nusu, akarudi nyumbani akitembea katika mvua kama kijana aliyechumbia.

Alhamisi iliyofuata mkewe alikuwa amepona. Walipoingia, sentensi iliyokuwa imeanza kwa lugha moja ilimalizika kwa nyingine.

Wanaisimujamii wana istilahi za tendo hilo, na kwa kawaida hulijadili upande wa wasemaji: nani anahamisha, mahali gani, kwa dhamira gani. Hawana la kumwambia mume aliyeketi kitini akitamani, bila kutaka kutamani, kwamba mke wake abaki nyumbani Alhamisi. Alikaa na tamaa hiyo miezi miwili. Siku alipoitoa, aliitoa vibaya, kama takwimu: kwamba mtu mmoja asiyejua lugha huwageuza watu wanane. Mkewe aliweka sahani chini. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayeiua lugha yako," akasema. Halikuwa swali. Mume hakuwa na jibu. Nacho Kiayalandi, ambacho hakina neno la "ndiyo" wala la "siyo", kisingemsaidia, kwa maana humlazimu mjibuji kulirudia tendo lenyewe.

Wiki iliyofuata mama huyo alijiandikisha katika darasa la jioni. Akafanya na jambo gumu zaidi: aliwaomba watu wa jikoni, mbele ya wote, wasibadilishe lugha kwa ajili yake, kwamba yeye atasikiliza tu na kushona. Walikubali kwa moyo. Iliwezekana kwa muda wa dakika tano, pengine kumi. Kisha mjane akamgeukia na kumweleza kwa Kiingereza yote yaliyosemwa, na wengine wakafuata. Alipokumbushwa ahadi, mjane alisema: "Haifai, *a stór*, kumwacha mtu gizani ndani ya nyumba yangu." *A stór* maana yake ni "hazina yangu".

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe. Kiayalandi katika jiko lile hakikushindwa na dharau. Dharau ilikuwapo zamani, nayo ilifanya kazi yake katika karne ya kumi na tisa, pamoja na njaa kuu ya 1845 hadi 1852 na meli za kwenda Marekani. Kinachokisukuma sasa, katika vijiji vilivyosalia, ni ukarimu. Aliyewahi kuingia katika nyumba ya Wasukuma au ya Wamakonde, wazee wakahamia Kiswahili mara tu alipovuka kizingiti, anaijua adabu hii kwa upande wa mgeni. Nchini Tanzania imesifiwa, na kwa haki, kama umoja. Hesabu ya gharama yake ilikuja baadaye, hasa katika kazi za Herman Batibo.

Utafiti wa Conchúr Ó Giollagáin na wenzake, uliotolewa mwaka 2007, uliweka kikomo cha asilimia 67: mahali ambapo wasemaji wa kila siku wako chini ya kiasi hicho, Kiingereza hutawala mahusiano ya vijana. Walikadiria wakati huo kwamba, hali ikiendelea vile vile, Kiayalandi kama lugha ya jamii hata katika maeneo yake yenye nguvu kilikuwa na miaka kumi na mitano hadi ishirini. Mfasiri alikuwa na ripoti hiyo rafuni. Aliporudi kuisoma baada ya ugomvi ule, aliona jambo ambalo hakuliona alipoisoma Dublin: kwamba familia iliyohama ili kuifuata lugha huhesabiwa upande wa pili.

Upo mfano wa kinyume, naye alishikamana nao kwa muda. Mwaka 1935 familia ishirini na saba zilitolewa Connemara na kupewa mashamba huko Ráth Chairn, katika wilaya ya Meath, karibu na Dublin, katikati ya wasemaji wa Kiingereza. Lugha yao ilidumu, na mwaka 1967 kijiji kilitambuliwa rasmi kuwa sehemu ya Gaeltacht. Lakini hao walihama pamoja, na majiko yao. Familia moja ya watu watatu haileti jiko. Huingia katika la wengine.

Mjane alifariki Januari 2024. Kijiji kizima kilipita kumwaga nyumbani mwake, kama ilivyo desturi, na mke wa mfasiri ndiye aliyesimama jikoni usiku kucha akimimina chai. Alikuwa na Kiayalandi cha kutosha kupokea pole na kuijibu, na wengi walimwachia akijibu hivyo. Alhamisi zimehamia nyumba nyingine. Huenda mara moja wote wawili, mara nyingine mume peke yake. Hawajakaa kulipangia jambo hilo.

Binti yao sasa anakisema Kiayalandi kwa lafudhi ya Connemara, na humsahihisha baba yake mezani. Majira ya joto yaliyopita alikuwa akicheza barabarani na watoto watano, watatu kati yao wakiwa wa nyumba ambamo Kiayalandi ndicho lugha ya mama. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta akipanga mboji, akasikiliza. Mchezo wote ulikuwa wa Kiingereza, kanuni zake na matusi yake. Mpira ukaruka ukuta ukaangukia miguuni pake. Mvulana wa jirani alichungulia juu ya mawe, akamwomba mpira kwa Kiayalandi safi, akaudaka, akashukuru kwa lugha hiyo hiyo, kisha akageuka na kumwambia yule binti, kwa Kiingereza, kwamba zamu ni yake.