Nyuzi Nyekundu katika Chujio

Mimi ni fundi wa magari hapa Bukavu tangu miaka mingi, na kazi hii ndiyo iliyolisha watoto wangu. Leo nataka kuwaeleza kosa langu moja, kwani naona vijana wengi wa garaji wanalirudia kila siku, nao hawajui.

Katika mwaka 2011 mama mmoja mchuuzi wa mchele aliniletea kamioneti yake. Moteri ya mazutu ilikuwa ikidondosha mafuta pale ambapo karteri, yaani lile bakuli la chuma linaloshika mafuta, linaungana na moteri yenyewe. Katika moteri nyingi za Kijapani mahali pale hapana gasketi ya karatasi. Huzibwa kwa silikoni peke yake, ile dawa nyekundu au nyeusi inayouzwa katika tyubu. Nikamwambia: «Mama, kesho asubuhi utakwenda Luvungi.»

Nikashusha karteri, nikaikwangua kidogo, nikaipangusa kwa tambara lenye mafuta. Kisha nikapaka silikoni nyingi pande zote mbili, kama mtu anayekandika nyumba. Nikakaza buloni kwa nguvu zangu zote, mpaka silikoni ikafura nje. Moyo wangu ukafurahi, maana nilidhani hiyo ni alama ya kazi nzuri. Sikufikiri kwamba ikifura nje, na ndani inafura vilevile. Ya nje hupanguswa. Ya ndani nani ataipangusa? Nusu saa baadaye nikamimina mafuta, nikawasha.

Siku tisa haikudondosha hata tone moja. Siku ya kumi, mama alipokuwa akirudi kutoka bonde la Ruzizi na magunia ya mchele, moteri ikaanza kugonga katika kupanda mlima wa Ngomo. Taa ya mafuta iliwaka, lakini dereva hakusimama, kwani barabara ile ni nyembamba na korongo liko kando. Kabla ya kufika juu moteri ikakwama. Wakalala njiani. Mvua ikanyesha usiku kucha, na turubai ilikuwa imetoboka.

Kamioneti ilipokokotwa hadi kwangu, nikashusha tena karteri. Mafuta yalikuwamo, tena mengi. Lakini chujio, ule wavu mdogo ambamo pompi hunyonya mafuta, ulikuwa umezibwa na nyuzi nyekundu za silikoni. Pompi ilikuwa ikinyonya bure. Kusineti, yaani vipande vya chuma laini vinavyobeba mhimili wa moteri, zilikuwa zimeungua, na mhimili wenyewe umekwaruzika.

Sasa nafika kwenye neno lililo gumu kulisema. Mama alisimama karibu, akaniuliza: «Fundi, ni mafuta mabaya waliyoniuzia?» Mafuta yaliyochanganywa yako sokoni, kila mtu angesadiki. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikakaa kimya muda mrefu, nyuzi zile katika kiganja. Halafu nikamwonyesha. Hakunitukana. Aliketi juu ya tairi, akahesabu kwa vidole ada ya shule ya watoto wanne. Kazi niliifanya bila mshahara, na kusineti nilizinunua kwa deni nililolipa miezi saba. Mchele ulioloa sikuweza kuulipa.

Basi siku hizi nafanya hivi. Nakwangua silikoni ya zamani yote mpaka chuma kinaonekana, polepole kama ni aluminiamu, kwani mkwaruzo mmoja ni njia ya mafuta. Naosha kwa dawa ya kuondoa mafuta, nangoja pakauke. Kisha natia mstari mmoja usiokatika, upande mmoja tu, wa unene wa milimita 3 hivi, nikipitisha kila tundu la buloni kwa upande wa ndani. Katika tundu lisilotoboka hadi ng'ambo siachi dawa wala mafuta kuingia, maana buloni ikiyasukuma yanaweza kupasua chuma. Nafunga kabla silikoni haijafanya ngozi, dakika 10 hivi, nikikaza buloni kwa zamu kwa kipimo cha kiwanda. Haya yote yameandikwa juu ya tyubu, lakini maandishi ni madogo, nasi mafundi tuna haraka.

Halafu nangoja. Silikoni hii haikomazwi na moto wa moteri, ila na unyevu wa hewa, na kwa kawaida inataka saa 24. Hapo ndipo wateja wanapogombana nami.

Tena, gasketi ya kichwa cha moteri siipaki silikoni, isipokuwa pale kiwanda kinapoagiza. Na mahali penye esansi silikoni ya kawaida haifai, kwani esansi huilegeza.

Yule mama bado huja kwangu. Nikiwa chini ya gari lake, huinama na kuniuliza: «Fundi, leo nilale Bukavu?»

«Ulale, Mama.»