Suruali Iliyonuka Dawa

Naitoa habari hii kwa sababu mwanangu yu hai, na kwa sababu wapo watoto ambao hata leo wanaingia kwenye magofu kama lile aliloingia yeye.

Sisi ni watu wa Kurui, Kisarawe. Mikorosho ndiyo inayotusomeshea watoto, na mikorosho haizai vizuri bila viuatilifu, ambavyo sisi twaviita dawa tu. Kulikuwa na ghala la zamani la dawa lililotelekezwa, mabati yameng'oka, mlango umeshabebwa. Humo mwanangu aliingia na wenzake kutafuta chuma chakavu cha kuuza. Wakakuta makopo yenye kutu na madumu ambayo maandishi yake yalishafutika. Akamwaga kilichobaki ndani ya dumu moja ili alichukue, kikamrukia mapajani. Hakunywa hata tone.

Alifika nyumbani akilalamika kichwa. Mara mate yakaanza kumtoka bila kukoma, jasho likamlowesha, mikono ikatetemeka, mboni za macho zikasinyaa zikawa kama vichwa vya sindano. Uani pakajaa watu. Huyu anapiga kelele, "Mpe maziwa!" Yule anataka twende kwa mtaalamu, maana mtoto aliyetoka mzima hawezi kugeuka hivyo bila mkono wa mtu. Shemeji yangu hakubishana na yeyote. Aliita bodaboda, tukampakata katikati yetu, tukaondoka.

Hospitalini, mganga aliinusa ile suruali kabla ya jambo lingine lolote. "Mama, mvueni nguo zote, sasa hivi." Wakavaa glovu, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, hadi kwenye nywele na kucha, huku wakimchoma sindano ya atropini, na wakairudia tena na tena usiku ule. Baadaye mganga alinieleza kwamba viuatilifu vya aina ile iliyomrukia mwanangu ni sumu; hupenya ngozini, vikavuruga mishipa ya fahamu mpaka pumzi inakatika. Kwa hiyo muda wote alipokuwa ameivaa suruali ile, mtoto alikuwa anaendelea kuipokea sumu. Maziwa yasingemsaidia. Namshukuru Mungu, na namshukuru mganga yule.

Nilipoanza kuulizauliza kuhusu maghala kama lile ndipo nikasimuliwa habari za Vikuge, kule Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali lilipokea tani 170 hivi za viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki, DDT ikiwemo, na baadhi muda wake ulishapita. Viliwekwa bandani. Baadaye banda likaanguka, sumu ikabaki inanyeshewa. DDT haimwangushi mtu upesi kama ile iliyomwangusha mwanangu. Yenyewe hukaa: kwenye udongo miaka na miaka, kwenye mafuta ya mwili, hata kwenye maziwa ya mama. Zaidi ya miaka kumi tangu msaada ule ulipofika, watafiti walipopima udongo wa Vikuge, waliikuta bado ipo. Habari hiyo ilinikosesha usingizi kuliko ya mwanangu, kwa kuwa pale hapana suruali ya kuvua.

Mzazi mwenzangu, dumu la dawa lisichotewe maji, hata lioshwe vipi. Ukijua ghala lililoachwa, mwambie mwenyekiti wa kijiji na bwana shamba, na usichoke kudai lifungwe na sumu iondolewe na wenye ujuzi. Na mtoto akirudi ananuka dawa, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mkimbize hospitali.