Sikuwa na Mimba, Ilikuwa Sikio

Kila nikiweka video, lazima mtu aandike: si ni wewe uliacha chuo juu ya mimba? Wacha nijibu leo mara moja, halafu tuendelee na maisha.

Sikuwa na mimba. Nilikuwa na shida ya sikio.

Nikiwa mwaka wa pili, nduthi iliyonibeba iliteleza kwa matope. Niligonga kichwa, lakini sikuzirai wala damu haikutoka, nikajipangusa nikaenda zangu. Siku chache baadaye, nikiwa nimelala hosteli, niligeukia upande wa kulia na chumba chote kikaanza kuzunguka. Sisemi kichwa kilikuwa chepesi kama mtu hajala. Nasema ukuta ulikuwa unakimbia. Nilishika godoro kwa mikono miwili. Haikufika dakika moja, ikaisha, nikatapika.

Ikawa hivyo kila nikilala, kila nikiamka, kila nikiangalia juu. Sasa msichana wa miaka ishirini anatapika asubuhi na anatembea akishika ukuta. Nyinyi mngesema nini? Mama alipiga simu akauliza tarehe. Kwa kliniki walinipima mimba mara mbili, malaria, presha, halafu wakanipa dawa za homa ya matumbo, sijui kwa nini. Nilikuwa naogopa hata kuinamia kitabu. Mitihani ikanipita, nikarudi nyumbani.

Miezi saba baadaye, daktari wa masikio akaniuliza kitu hakuna mtu alikuwa ameniuliza: ni wewe unahisi mwepesi, ama ni nyumba inazunguka? Na inachukua muda gani? Akanikalisha kitandani, akageuza kichwa changu kulia, akanilaza haraka kichwa kikining'inia kidogo. Dunia ikaanza. Yeye alikuwa anaangalia macho yangu tu, jinsi yalivyokuwa yanacheza.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo za kalsiamu, kama mchanga, zinazokusaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Zangu, pengine kwa ile ajali, zilibanduka zikaingia kwenye mfereji mmoja kati ya mitatu yenye maji inayopima mizunguko ya kichwa. Ukigeuka, chembe zinasukuma yale maji, sikio linaambia ubongo unazunguka, macho yanakataa. Tumbo ndilo linalipa.

Hakunipa hata tembe. Aligeuza kichwa kushoto, akanilaza ubavu nikiangalia sakafu, akaniketisha. Kila mkao karibu nusu dakika. Mtindo huo ulibuniwa na daktari Mmarekani, John Epley, na wenzake hawakumwamini mwanzoni. Tulirudia wiki iliyofuata, ikaisha. Inaweza kurudi, lakini sasa najua ni nini.

Si kila kizunguzungu ni hiki, tafadhali. Kikikaa masaa, sikio linavuma na husikii vizuri, huo ni ugonjwa mwingine. Na kama mdomo umepinda, ulimi ni mzito ama mkono hauna nguvu, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, kinaweza kuwa kiharusi.

Miezi saba, jameni, kwa kitu cha dakika kumi. Chuo wanasema naweza kurudi, lakini karo ya ule muhula bado wananidai. Shangazi yangu naye bado huuliza, kwa sauti ya chini, mtoto alienda wapi.