Chuo Kikifika Msituni, Nani Anamfundisha Nani?

Wasee, kuna swali naulizwa kila wiki: "Kwani uliacha chuo kwa nini?" Nimejibu hadi nimechoka. Karo, nauli, kodi ya keja. Basi. Leo nataka tuuligeuze hilo swali: chuo nacho huwa kimewaacha kina nani? Mfano wangu unatoka India, wilaya inaitwa Gadchiroli.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Huku Kenya kila mtu ana kabila, hadi rais. India si hivyo. Wakisema "watu wa makabila" wanamaanisha Adivasi, yaani wakazi wa mwanzo, jamii ambazo serikali imeziweka kwenye orodha rasmi. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 104. Manze, hiyo ni kama Kenya mbili! Lakini ukiangalia takwimu za serikali yao za 2021-22, kiwango cha vijana kujiunga na masomo ya juu kilikuwa asilimia 28.4 kwa nchi nzima, na asilimia 21.2 kwa Adivasi.

Gadchiroli iko mashariki kabisa mwa Maharashtra, jimbo lilelile la Mumbai, ila ni dunia nyingine. Sehemu kubwa ni msitu. Kuna Wagondi, kuna Wamadia. Kwa miaka mingi ukiisikia kwenye habari ilikuwa ni vita vya waasi wa Kimao na askari wa serikali. Upande wa Bhamragad, mvua kubwa ikinyesha mto unafurika na vijiji vinakatwa na dunia. Hakuna kutoka, hakuna kuingia.

Vyuo vidogo vilikuwepo huko, lakini hadi 2011 vilikuwa chini ya chuo kikuu cha Nagpur. Mtaala ulitoka Nagpur, mitihani ikasimamiwa na Nagpur, shahada ikatoka Nagpur. Kutoka Bhamragad hadi Nagpur ni zaidi ya kilomita 300. Mwaka huo wa 2011 ndipo jimbo likaanzisha Chuo Kikuu cha Gondwana, mjini Gadchiroli, kwa ajili ya wilaya mbili tu: Gadchiroli na jirani yake Chandrapur. Hata jina ni lao. Gondwana ni nchi ya Wagondi, na Chandrapur iliwahi kuwa makao ya wafalme wao.

Mimi hapo naelewa haraka. Nilipokuwa chuoni nilisafiri usiku kucha kufuata karatasi moja ya matokeo, nikafika nikaambiwa mwenye muhuri hayuko, rudi wiki ijayo. Mtu ambaye hajawahi kuhesabu nauli ya kurudi wiki ijayo atakwambia umbali si kisingizio. Ni kisingizio kwa mwenye gari.

Kwa hivyo chuo kusogea karibu ni jambo la maana, na sitaki mtu alidharau. Lakini kusogeza jengo ni kazi rahisi. Ngumu ni lugha. Sensa hiyohiyo ilipata karibu watu milioni 3 wanaosema Kigondi ni lugha yao ya mama. Katiba ya India ina orodha ya lugha 22, na Kigondi hakimo. Kisantali, lugha nyingine ya Adivasi, kiliingizwa 2003. Sasa fikiria mtoto wa Kigondi: nyumbani lugha moja, shuleni Kimarathi, akitaka sayansi chuoni anakutana na Kiingereza. Amevuka mito miwili kabla hajafungua kitabu. Halafu akianguka, ataambiwa hakuwa na bidii.

Sasa sikia hii, ndiyo iliyonifanya niandike. Kwenye wilaya hiyohiyo kuna kijiji kinaitwa Mendha. Miaka mingi kabla ya chuo kikuu kuja, watu wake walikuwa na vikundi vyao vya kusoma. Wanakaa chini pamoja, wanachambua sheria, wanajadili msitu wao, wakati mwingine wanaalika mtu wa nje mwenye ujuzi. Uamuzi wa kijiji haupigiwi kura. Wanaongea hadi wote wakubaliane. Mwaka 2009 kikawa kati ya vijiji vya kwanza India kupata haki ya jamii juu ya msitu, karibu hekta 1,800, kwa kutumia sheria ya 2006. Na 2011, waziri wa mazingira wa wakati huo, Jairam Ramesh, akaenda mwenyewe kuwakabidhi kibali cha kusafirisha mianzi yao.

Umeona? Mwaka uleule serikali inaleta chuo kikuu, kijiji tayari kilikuwa kimesoma sheria kikashinda. Bila gauni, bila kofia.

Maoni yangu ni haya. Chuo kama hicho kikija kama tawi la Nagpur lenye jina la Kigondi, kitawapa vijana karatasi na kuwafundisha kuondoka. Lakini kikikaa chini kwenye kile kikundi cha kusoma, kiulize mzee wa mianzi anajua nini, kisha kilete alichokosa, hesabu za mauzo, ramani za mipaka, jinsi ya kusoma mkataba wa mnunuzi, hapo kijana atasoma na kijiji kitabaki na mtu wake. Mzee awe mwalimu, si mfano kwenye utafiti wa mtu.

Na hili si la India peke yake. Wewe uliyesoma mbali na kwenu, ni kitu gani nyumbani wanakijua vizuri kabisa, na hakuna mhadhiri aliyewahi kukuuliza? Mimi nina orodha yangu. Nipe yako.