Kusimama Ndalaga

Mjukuu wangu alirudi kutoka Lac Vert na picha nyingi kwenye simu. Amezaliwa Goma, amesomea Goma, na Masisi kwake ni jina la redioni. "Koko," akaniambia, "hili ndilo ziwa la mlimani tulilo nalo. Lingine ni Kivu tu." Nikamuuliza, na Mokoto je? Akadhani nataja kambi ya wakimbizi.

Mtoto hana kosa. Anaweza kukutajia maziwa makuu ya Amerika ya Kaskazini moja baada ya jingine, kwa sababu yalikuwa kwenye mtihani. Waliompangia masomo ndio ningependa kuwaona uso kwa uso. Mokoto si kambi. Ni maziwa manne, Ndalaga, Lukulu, Mbalukia na Mbila, yaliyokaa katikati ya vilima vya Bashali, huko huko Masisi, si mbali na Kitchanga. Zamani sana moto wa volkeno ulimwagika, ukapoa, ukaziba mabonde, na maji yakakosa pa kupita. Ndalaga ndilo kubwa. Mbelgiji mmoja, Hubert Damas, alilipima pamoja na Kivu na Edouard, na mwaka 1937 akaandika jinsi maji ya maziwa hayo matatu yalivyojipanga kwa matabaka. Kumbe kuna wakati Ndalaga ilihesabiwa pamoja na wakubwa.

Sisi wa Buleusa hatukuwa watu wa maziwa. Kwetu maji ni mto: unauvuka, unakulowesha, unakwenda zake. Maji yaliyosimama tuliyajua kwa masimulizi. Bibi yangu, Mnyanga, alikuwa akitusimulia habari za shujaa Mwindo, na za Mukiti, nyoka mwenye maji, aliyemwoa Iyangura, shangazi yake Mwindo. Baadaye nilijua kwamba hadithi hiyo imo kitabuni. Mzee Rureke aliisimulia mwaka 1956, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa mwaka 1969. Bibi hakuhitaji kitabu. Alikuwa anasimulia huku anamenya ndizi, na akifika kwa Mukiti anashusha sauti, nasi tunasogeza miguu karibu na moto.

Kwa hiyo nilipoiona Ndalaga mara ya kwanza, sikufikiria uzuri. Niliangalia katikati ya maji nione kama kuna kitu kinachonyanyuka.

Ilikuwa mwaka gani? Dada yangu anasema 1980. Haiwezekani. Nyiragongo ilikuwa imekwisha kutema moto, maana tulipofika Goma watu walikuwa bado wakituonyesha mahali ulipopita, na huo ni Januari 1977. Tena baba alilipia chai kwa noti ya zaire tano, na noti hizo zilifutwa Desemba 1979, wengi wakabaki na karatasi za kuwashia jiko. Basi ni kati ya hapo. Dada akiendelea kubisha, nitamwachia 1980 yake.

Kwenda Goma tulitoka Buleusa kwa miguu, tukalala njiani, tukapita upande wa Pinga na Kalembe, na gari tukalipata Mweso. Lilikuwa lori la maharagi. Mimi nilikaa juu ya magunia pamoja na wanawake wawili, kuku wao, na konvwayeri aliyekuwa akiimba pasipo kuchoka. Baba alikaa mbele kwa sababu alikuwa mwalimu. Hapakuwa na ubishi juu ya hilo. Enzi hizo mwalimu alikuwa mtu.

Kabla ya kufika Kitchanga, shofere akachepuka. Alikuwa na mzigo wa kushusha kwa wamonaki, wale Watrapisti waliotoka Scourmont, Ubelgiji, wakaanzisha nyumba yao ya Mokoto mwaka 1954. Ndugu zao kule Ubelgiji wanajulikana kwa bia ya Chimay. Hawa wa kwetu tuliwajua kwa ng'ombe na kwa kunyamaza. Konvwayeri alituambia ukiongea kwa sauti karibu nao watakufukuza. Uongo mtupu, lakini tulinyamaza, hata kuku nadhani. Alipomaliza kushusha mzigo, shofere hakurudi barabarani mara moja. Alizima mota penye kilima, maji yakiwa chini yetu, akasema, "Tupumuzike kidogo."

Ni ukimya ule nilioukumbuka baadaye, kuliko rangi ya maji. Tangu Mweso masikio yalikuwa yamejaa mota na milio ya mabati. Ghafla vikakatika. Nikasikia ng'ombe ng'ambo ya ziwa, na mtu akipasua kuni kwa mbali. Shoka linashuka, kisha mlio unafika. Kulikuwa na baridi. Mafunjo yalikuwa yamesimama pembeni, na harufu ilikuwa ya mikalitusi iliyolowa, samadi na moshi wa chai.

Chai ilikuwa ya mama mmoja Muhunde. Ningeweza kuandika juu ya mama huyu mpaka karatasi iishe. Kibanda chake kilikuwa nguzo nne na nyasi. Aliuza chai ya maziwa, viazi vitamu vya kuchemsha, na siku akiwa na bahati, jibini. Wanawake wa kwenye lori waliiita sabuni, wakacheka, kisha wakala yote. Maji ya kuoshea vikombe aliyateka kwa bidoni kutoka kisimani juu ya kilima, na ziwa liko palepale miguuni pake. Baba alimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema kikombe cha mtu mwingine hukioshi mezani pa mwenye nyumba. Baba, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikunywa chai yake kimya.

Mama huyo alikuwa na mkebe wa maharagi, si ya kupika. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila shofere alikuwa na rangi yake: mwekundu, mweupe, wa madoadoa. Ukinywa kwa deni, haragi moja linaingia. Ukilipa, linatoka, naye analirusha kwa kuku mbele ya macho yako ili kusiwe na maneno. Shofere wetu alikuwa wa madoadoa. Nilichungulia mkebeni, nikaona madoadoa ni mengi kuliko rangi nyingine zote, na mama akanikonyeza.

Konvwayeri alirusha jiwe ziwani. Mama hakumgombeza. Alichukua kikombe chake, kikiwa bado na chai nusu, akaimwaga chini, akasema wewe umekwisha kunywa. Mpaka Sake kijana yule hakuimba tena.

Miaka ya themanini nilipita pale mara nyingi, nikiwa mwanafunzi, kisha nikiwa mwalimu kama baba, ingawa mimi nilikaa juu ya magunia, maana mshahara ulikuwa umekwisha kushuka na heshima ikaufuata. Si kila lori lilichepuka. Lakini mashofere wa zamani walikuwa na mahali pao pa kusimama, na abiria alijua kwamba kusimama kumo ndani ya nauli. Watu walishuka, wakanyoosha migongo, wakaulizana wewe ni wa wapi, na jibu likawa ni jina la kijiji tu. Hakuna aliyelitafuna jibu hilo mara mbili kabla ya kulimeza.

Kisha ukaja mwaka 1993, ukaja 1994, ikaja Mei 1996. Msomaji wa huku hahitaji mimi nimwambie kilichotokea Mokoto, na wa mbali sitaweza kumweleza kwa ukurasa mmoja. Wamonaki waliondoka. Ng'ombe pia. Kitchanga, niliyoijua kama mahali pa kuongeza maji ya radiatori, ikafura kwa watu waliokimbia huku na kule mpaka ikawa mji. Buleusa nayo ilipata zamu yake ya vibanda vya nyasi vilivyobanana kwenye mteremko.

Sasa barabara ina vituo vingi kuliko zamani, lakini vyote ni kamba iliyofungwa kwenye mti, na anayekusimamisha hauzi chai. Jina la kijiji chako si salamu tena. Vijana wa pikipiki wamejifunza kupita bila kugeuza shingo, na siwalaumu. Mara ya mwisho nilipopita Kitchanga kwa pikipiki nilimwomba dereva tuchepuke dakika chache tu nikaone maji. Alinitazama kwenye kioo. "Papa, unatafuta nini kule?" Nilitafuta jibu la kumfaa, tukawa tumekwisha kuvuka njia panda. Kinachonikera ni kwamba alikuwa na haki.

Wanaokwenda Lac Vert wanafanya vizuri, sitaki kuwaharibia. Ni karibu, unarudi jioni. Lakini hakuna aliyefika pale akiwa amechoka kwa siku mbili, mgongo umekuwa jiwe, akashushwa na mtu ambaye angeweza kuendelea na safari na hakutaka.

Juzi nilikuwa sokoni Birere nikitafuta maharagi ya mbegu. Mwanamke aliyekuwa akiniuzia alikuwa akiyachambua kwa rangi, vidole vyake vikienda vyenyewe. Tukaulizana, kwa uangalifu wa siku hizi, na kidogo kidogo ikajulikana: ni binti wa yule mama. Mama alikufa kabla ya vita vya kwanza, kwa homa, kitandani mwake, jambo ambalo binti alilisema kwa namna ya kujivunia. Kibanda hakipo. Mkebe anao, ulikuwa ndani ya kitenge alichotoka nacho.

"Ule shofere wa madoadoa," akaniuliza, "iko mzima?"

Nikamwambia alikwisha kufa zamani, kule Kisangani.

Akamalizia kunipimia maharagi yangu, akafunga mfuko. "Aliacha batoto?"