Salamu Katika Nyumba Tupu

Ndugu zangu Waislamu, wazee wetu husema humjui mtu mpaka usafiri naye. Nami, baada ya safari fupi niliyoifanya mwezi wa Agosti, naongeza kwamba hata nafsi yako huijui mpaka usafiri nayo. Nataka kukuhadithieni yaliyonipata, si kwa kuwa ni makubwa, bali kwa kuwa ni madogo, na madogo ndiyo tunayoyapuuza.

Watoto walipofunga skuli nilimchukua mke wangu na wanetu watatu, tukatoka Mombasa kwenda Nairobi kutembea, kuanzia Jumatano hata Jumamosi. Tulipanda treni ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Tuliondoka Miritini asubuhi, na tulipofika Syokimau adhuhuri ilikuwa imeshaingia. Zamani mtu wa Pwani akienda Nairobi hakuulizwa atalala wapi. Alilala kwa jamaa. Mimi mwenyewe tangu ujana wangu nilikuwa nikishukia kwa shangazi yangu, South C, katika nyumba yake ya vyumba viwili. Humo wamelala wagonjwa waliokwenda kwa madaktari, vijana waliokwenda kusoma, na mahujaji waliokuwa wakingojea pasi zao.

Safari hii watu wangu walitaka kukaa katika zile nyumba mpya ambazo hupangishwa kwa siku, zikiwa na kila kitu chake. Walikuwa wameiona moja katika simu: apatimenti ya ghorofa ya tisa, mtaa wa Kilimani, ina makochi meupe, zulia la kijivu, jiko, friji, mashine ya kufulia, na dirisha refu ambalo mtu huona mji wote. Nikalipa kwa M-Pesa, nikakubali. Nikajiambia kwamba shangazi ni mtu mzima, si vyema kumuudhi kwa watu watano, na kwa hivyo bora asijue kabisa kama tumekuja. Neno hilo la pili halikutokana na la kwanza, lakini wakati huo niliyaona ni neno moja.

Ufunguo hatukupewa. Mlango ulikuwa na kufuli ya tarakimu, na tarakimu zenyewe nililetewa katika simu. Nikabonyeza, mlango ukafunguka, nikasema, “Assalamu alayna wa ala ibadillahis-salihin.” Mtoto wangu mdogo akacheka.

“Baba, wamsalimu nani na nyumba haina mtu?”

Nikamfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur ametuamrisha kutoa salamu tuingiapo majumbani, na wanavyuoni wametufunza kwamba nyumba ikiwa haina mtu, tujisalimie wenyewe na waja wema wa Mwenyezi Mungu kwa maneno yale. Alifurahi, akayarejea mpaka akayahifadhi. Mimi nikaona nimetimiza wajibu wangu, nikaenda kuketi kwenye kochi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nazilaumu nyumba hizi. Zina manufaa, na mwenye insafu huyakubali. Kwanza zina sitara. Mke wangu na binti zangu walikaa bila ya mtaandio, bila ya kujali nani atapita ukumbini, jambo ambalo katika hoteli ya watu wengi ni tabu. Pili zina jiko, basi tulinunua nyama kwa muuzaji Muislamu, tukapika wenyewe, tukala tukiwa na yakini ya halali. Tatu, pana nafasi ya kusali jamaa. Kibla cha Nairobi ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo tu, karibu sawa na chetu Mombasa. Tukasogeza kochi moja, tukatandika miswala. Na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, msafiri asiyenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, ana rukhsa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili. Tukaitumia rukhsa hiyo.

Wala nyumba ya mgeni iliyotengwa si jambo geni kwetu. Katika majumba ya mawe ya Lamu palikuwa na sabule, chumba cha wageni karibu na daka, chenye njia yake, ili mgeni astarehe na wenye nyumba wasitirike. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakizijia jahazi na sahani za chakula zilizofunikwa. Kila mmoja alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kusema kwamba huyu ni mgeni wake. Yeye, kwa kuwa ni mwanachuoni, alipelekwa katika nyumba ya wanafunzi iliyokwisha tandikwa mazulia, akaletewa chakula mara tatu kwa siku kwa muda wa siku tatu. Siku ya nne, Ijumaa, akaletewa nguo za kuvaa. Basi nyumba iliyotandikwa tulikuwa nayo tangu kale. Tofauti yake na hizi za leo ni moja tu. Ile ilikuwa na mwenyeji.

Na mwenyeji kazi yake si kulisha tu. Macho yake humfanya mgeni akae kwa adabu. Katika nyumba ya watu huwezi kuacha maji yakimwagika wala kuvunja kikombe ukanyamaza. Nyumba isipokuwa na mwenyeji, mtu hubaki na nafsi yake, na nafsi ni mwenzi asiyeaminika.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mke wangu alifukiza udi kama ada yetu. Chetezo tulichukua kutoka nyumbani. Nilikiinua kukipeleka chumba cha pili, mkono ukateleza, kaa moja likaanguka zuliani. Tulilizima upesi, lakini lilikwisha toboa tundu la kadiri ya shilingi ya zamani, jeusi, katikati ya ukumbi. Tukatazamana. Mwanangu mkubwa akasema, “Baba, tumwambie mwenyewe?” Nikasema tutatazama. Kisha mimi, niliyekuwa nimewasomesha wanangu Suratun-Nur siku moja kabla yake, nilikivuta kijimeza cha kioo chenye miguu minene, nikakiweka juu ya lile tundu. Mguu ulilifunika barabara. Hapana aliyesema kitu, tukalala.

Asubuhi saa nne alikuja dada wa usafi kama kawaida ya nyumba hizo. Alifagia pembeni mwa kijimeza, akatandika vitanda, akatuambia sisi ni wageni wazuri, nyumba tumeiweka safi. Nikamshukuru. Naona haya kuandika kwamba nilimshukuru.

Siku hiyo tulisali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, ule wa kuba tatu uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933. Tulipotoka simu yangu ikalia. Alikuwa shangazi. Binti yangu alikuwa ameweka picha zetu katika simu yake, mmoja juu ya kochi jeupe, mwengine mbele ya lile dirisha refu, na picha siku hizi hazina mlango. Zilifika Mombasa, kutoka Mombasa zikarudi South C.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia muko Nairobi.”

Jioni tulikwenda kwake sote. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa watu zaidi ya tulivyokuwa. Hakuniambia neno mpaka tulipokwisha kula na watoto wakaenda kunawa. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mulinificha mimi, au muliificha nyumba yangu?”

Nikaanza kumueleza kwamba nilichelea kumuudhi, na kwamba hata Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kukirimiwa mgeni ni siku tatu na kwamba haimpasi mgeni kukaa mpaka akamtia dhiki mwenyeji wake. Akaniachia nimalize. Kisha akasema, “Hayo ni kweli. Lakini mimi sikutaka mulale kwangu. Nilitaka mule kwangu.”

Nilikosa la kujibu. Hadithi niliyoitaja ilikuwa sahihi, na mimi nilikuwa muongo.

Usiku ule sikupata usingizi. Ikanijia aya ya 29 ya ile ile Suratun-Nur, ambayo nimeisoma mara nyingi bila ya kuisikia. Baada ya kutuamrisha tusiingie nyumba za watu bila ya idhini na salamu, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anatuondolea ubaya wa kuingia nyumba zisizokaliwa zenye manufaa yetu. Wafasiri wengi wametaja hapo nyumba za kupumzikia wasafiri. Yaani ndizo hizi hizi. Na pale pale ruhusa inapotolewa, aya inamalizikia kwa kutukumbusha kwamba Yeye anajua tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha. Nikajiuliza, kwa nini ukumbusho huu umewekwa hapa? Nikaona ni kwa sababu nyumba ya namna hii haina jicho la mwenyeji. Basi nikajipima. Tuliyoyadhihirisha ni makochi meupe ambayo si yetu. Tuliyoyaficha ni tundu la zulia, ambalo ni letu, na shangazi, ambaye pia ni wetu.

Asubuhi ya Jumamosi yule dada alipokuja, nilikiondoa kijimeza mbele yake na mbele ya wanangu, nikamwambia, “Dada, hili tulilifanya sisi, na jana nilikuficha.” Alilitazama kwa muda, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Kila asubuhi, alisema, yeye hutia sahihi katika daftari kwamba vitu vyote vya nyumba ni vizima. Ikionekana baadaye kimeharibika kitu na wageni wamekwisha ondoka, huulizwa yeye, na mara moja alikwisha katwa mshahara kwa sababu ya taa ambayo hakuivunja.

Msomaji, nilidhani namficha tajiri mwenye majumba. Kumbe nilikuwa nimemtilisha mwanamke maskini sahihi ya uongo kwa mkono wake mwenyewe, na mzigo wa kaa langu ungemwangukia mtoto wake ambaye mimi simjui. Dhambi za siri ndivyo zilivyo. Huyajui mapito yake. Unaidhani imekaa chini ya mguu wa meza, nayo imekwisha toka mlangoni na kwenda kutafuta mnyonge wa kumlemea.

Nikampigia simu mwenye nyumba papo hapo. Hakunisifu. Alinitajia bei ya kulitengeneza zulia, nikailipa, na nikamuomba anakili kwamba dada wa usafi hana kosa. Zile fedha ndizo tulizokuwa tumekusudia kuwapeleka watoto kuwaona wanyama. Nikawaeleza watoto kwa nini hatutakwenda. Mdogo alilia. Mkubwa alinyamaza, lakini tulipokuwa tukitoka niliona anapita chumba kwa chumba akizima taa.

Basi ndugu zangu, atakayejaaliwa kusafiri na kukaa katika nyumba hizi, namuusia mambo matatu ambayo nimeyalipia.

La kwanza, nyumba ni amana. Kodi unayolipa ni ya kukaa, si ya kuharibu wala ya kumwaga maji na kuwasha taa mchana. Israfu ni israfu hata katika mali uliyoikodi. Ukiharibu, sema kabla hujaondoka, maana haki ya mja haifutwi kwa kuhama.

La pili, kukaa peke yenu hakukati udugu. Ikiwa katika mji huo una jamaa, mpigie simu kabla ya safari, si baada ya kukamatwa. Mwambie mtalala wapi na kwa nini, kisha nenda ukale kwake, japo chai. Mtu mzima hahitaji umpunguzie kazi kwa kumpunguzia mapenzi.

La tatu, jihadharini na picha. Kumuonyesha mamako ulipolala ni jambo jema. Kuwaonyesha watu makochi ya watu ni jambo jengine, na mpaka wake kila mtu anaujua moyoni mwake.

Kabla ya kushika njia ya Syokimau tulipita tena South C kumuaga shangazi. Alikuwa ametufungia mikate ya mofa ya kulia ndani ya treni. Mtoto wangu mdogo alitangulia mbio mlangoni akasema kwa sauti kubwa, “Assalamu alaykum!” na kutoka ndani, kabla hajamaliza, akajibiwa. Akanigeukia akasema, “Baba, hii ina mtu.”

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wageni wema katika nyumba zenye watu na zisizo na watu, na katika dunia hii ambayo sote tumo kwa siku za kuhesabu. Amin. Wallahu aalam.